Ijumaa Kuu Huliwa Kwangu

Jumapili, 6 Aprili
Mama kasema baada ya misa, mbele ya watu wote. Ijumaa Kuu hii, kama kwangu bado kuna mbu, kamba watachemshiwa kwa mdogo wangu Percy. Mwaka jana Mama aliumwa na mbu miguu yote miwili, akaishia kula ndani peke yake, sahani magotini. Miaka ishirini na mitatu kamba wa matope wa ukoo wa Trahan wamechemshiwa uani kwangu, kwenye sufuria ya marehemu Baba! Percy alikuwa anatazama viatu vyake. Viatu vipya. Mtambo wake wa kunyunyizia dawa ya mbu haujawahi kukohoa hata siku moja. Wangu niliufunga kabla ya wake. Naandika hilo kwa sababu hakuna mwingine atakayelikumbuka.

Jumatano, 9 Aprili
Nimewasha kwa rimoti. Pampu inanguruma vizuri. Nozeli ishirini na nane kuzunguka paa – zinazotoa ukungu ni sita. Nyingine zinadondosha matone kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nimezifungua zote, nikaziloweka kwenye siki, nikazisugua kwa mswaki (wa Verlie, hajui). Nimezirudisha. Sasa zinatoa nane.

Verlie, mke wangu, anasema nimpigie Percy. Nimemwambia heri mbu.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimebadilisha chujio la pipa la dawa. Nimekaza viungo vyote, nimetoa hewa kwenye mpira unaopeleka dawa. Bado presha inafia upande wa karakana.

Mama kapiga simu. Dakika ishirini za Percy: Percy kampeleka kwa daktari wa macho, Percy kamletea machungwa, Percy hivi, Percy vile. Nani alimwezekea paa upya baada ya kimbunga? Mimi. Lakini paa halionekani ukiwa umekaa chini yake. Basi, nina wivu. Nina miaka sitini na moja na nina wivu kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimerudi kazini nikakuta mtambo unafanya kazi. Nozeli zote! Ukungu mweupe nyumba nzima. Nilifurahi mpaka nilipomwona Verlie anakunja taulo zilizokwisha kukunjwa. Nikajua kampigia. Percy alikuja.

Kindi alikuwa ametafuna mpira nyuma ya maua. Percy kaona kwa dakika kumi, kakata, kaunga, kaenda zake. Hata kahawa hakunywa. Kaacha maagizo: nyunyiza mara moja alfajiri, mara moja jioni, inatosha.

Inamtosha yeye. Nimeweka taima kila saa, usiku na mchana. Mbu wote wa mji huu wa Breaux Bridge wahamie kwake.

Alhamisi, 17 Aprili
Magunia matano ya kamba yamefika jioni. Wazima, wanakwaruzana humo ndani. Nimeyapanga palepale tunapoyapanga siku zote, ubavuni mwa nyumba, chini ya paa, penye kivuli na ubaridi. Nimeyamwagia maji.

Nimekaa uani nusu saa na kaptura. Hata mbu mmoja! Nimempigia Mama. Kasema atakuja.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Niko karakana, nimejifungia. Naandika haraka.

Magunia yamenyamaza. Nimefungua la kwanza – kamba wamelala, magando yamelegea. La pili, hivyohivyo. Yote matano. Na kamba aliyekufa kabla ya sufuria haliwi, hilo hata mtoto wa hapa analijua. Verlie kasoma maandishi ya pipa: dawa inaua viumbe vya majini. Juu ya magunia kuna nozeli nne. Miaka yote zilikuwa zimeziba kila masika. Tangu jana zimewanyunyizia kila saa, na aliyeweka taima ni mimi.

Mama kafika mapema na Percy. Kakaa uani, miguu wazi. Kanishika shavu.

"Mwanangu, leo sijaumwa hata mara moja."

Sikumbuki mara ya mwisho kunishika shavu. Watu arobaini wako njiani. Maji yanachemka, viazi na mahindi vimeshaingia.

Percy alipita penye magunia. Akatazama juu, akatazama taima. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Kanifuata hadi hapa, kasema polepole nyuma ya mlango:

"Kaka, nina magunia manne nyumbani, wazima. Nilinunua tu, endapo lolote litatokea. Niyapitishe kwa nyuma, Mama hatajua."

Endapo! Alikwisha kujiandaa nishindwe. Au alijiandaa kunisaidia – sijui lipi linaniuma zaidi. Mama atakula, atanisifu, na mimi nitajua kila gamba ni la nani.

Mama anauliza huko nje, maji yanasubiri nini? Verlie anamwambia bado kidogo. Percy hajaondoka mlangoni, nasikia funguo za gari mkononi mwake.

"Kaka?" kasema tena.