Ufunguo wa gari la mulamu

Jumapili jioni. Joto la leo halina adabu. Mawingu yalikuja, yakatuchungulia, yakapita. Mkono unaniuma na familia nzima imenikasirikia.

Vizuri. Wakasirike.

Tulikuwa Bel-Air, kwa dada yangu Odile, kusherehekea komunyo ya kwanza ya binti yake, Grâce. Bukari, ule ugali wetu, pamoja na kuku, samaki wa Pweto, kreti za bia kivulini. Mume wa Odile, mulamu wangu Faustin, ni mtu mwema asipokunywa. Leo alianza na bia tulipotoka misa, kisha rafiki zake wakamletea lutuku, ile pombe kali ya kupikwa nyumbani. Jua lilikuwa bado juu, naye tayari anagombana na kiti.

Ndipo akatangaza kwamba anawapeleka watoto kwa bibi yao, wakaonyeshe gauni la komunyo. Wakakimbilia garini. Grâce alikaa mbele, gauni lake jeupe kama maziwa, anacheka.

Nikatazama meza ya wakubwa. Kila mtu alikuwa anaangalia sahani yake.

Baba yetu alikunywa mpaka pombe ikamzika. Kwake nilijifunza kwamba mlevi habishiwi, wala hashikwi kwa ghafla. Kwa hiyo nilianza na watoto: nikawaambia keki inakatwa, wakashuka. Kisha nikachomoa ufunguo garini, nikautia kifuani. Nikasimama upande wa pili wa meza, geti likiwa nyuma yangu.

"Nipatie clé yangu," Faustin akasema.

"Mulamu, tuikale kwanza. Joto iko mingi. Kunywa mayi."

"Weye ni nani mu nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako, mulamu. Lakini clé sitakupatia."

Sikupandisha sauti. Yeye akazunguka meza, akanishika mkono, akauminya. Odile akaja mbio, nikadhani anakuja kunisaidia.

"Mupatie tu," akaninong'oneza. "Unamupatisha haya mbele ya bantu."

Hilo liliniuma kuliko mkono.

Nikasema hapana. Nikamtazama mpaka vidole vyake vikalegea. Alikaa chini kwenye mkeka, akaanguka, usingizi wa pombe ukamchukua. Rafiki zake wakamlaza chali, wakicheka, mmoja akaleta ndoo ya maji ya kummwagia. Nikamzuia. Nikamgeuza Faustin ubavu, nikamkunja goti asirudi chali, nikakaa karibu nikisikiliza pumzi yake.

Haikupita muda akatapika. Mengi. Kama angekuwa chali, yangemrudia kooni.

Kicheko kikakatika.

Nilidhani sasa wataelewa. Lakini Faustin alipoanza kukoroma vizuri, baba mudogo, mdogo wa baba yetu, aliniita pembeni, akaniambia nimemvua nguo mwanaume wa watu nyumbani kwake. Kesho niende kuomba pardon mbele ya wote. Odile alikuwa amesimama pale pale. Alianza kukusanya sahani.

Nimelia njia nzima, sitaki kudanganya. Nampenda dada yangu.

Ila Grâce amelala kitandani kwake, mzima. Baba yake pia anapumua. Wanaotaka niombe radhi kwa hilo wanisubiri.

Kesho nitakwenda. Nitapiga goti kumsalimia baba mudogo, nitamrudishia Faustin ufunguo wake mkononi, akiwa hana pombe kichwani, na nitamwambia Odile kwamba mumewe akinywa tena, nitauchukua tena.

Pardon hawataisikia kinywani mwangu.