Tusimame na Nafula

Ijumaa. Jeddah leo ni joto la kunata, hata ukikaa bila kazi nguo inakushika mgongoni. Madam na watoto wamekwenda kula kwa bibi yao, nimebaki na pasi na rundo la kanzu za baba mwenye nyumba. Kanzu zitangoja. Nisipoandika nitapasuka.

Rispa ameniuza.

Rispa yuko Riyadh, ni mfanyakazi wa ndani kama mimi. Tulifundishwa hii kazi pamoja Nairobi, tukalala kitanda kimoja wiki tatu, tukapanda ndege moja. Huu ni mwaka wa tatu hatujaonana, lakini siku haipiti bila sauti yake sikioni mwangu. Ndiye aliyeniingiza kwenye ushirika wetu wa simu. Huku hatuna kanisa la kwenda, kwa hiyo kila Alhamisi wadada wa Riyadh na Jeddah tunakutana kwenye simu, kila mtu jikoni kwake, earphone ndani ya kitambaa. Mwenye jambo analileta kama ombi, na kiongozi husema, tusimame naye.

Mdogo wangu Nafula, huko nyumbani, ana watoto wawili. Mimba ya wa pili nusura imzike, kwa presha na kifafa cha mimba. Sasa ameshika mimba tena, na daktari amemwambia waziwazi kwamba hii itamuua, itolewe mapema. Kwetu sheria inaruhusu maisha ya mama yakiwa hatarini. Alimwandikia barua ya kwenda kliniki moja pale mjini.

Shida ni geti la hiyo kliniki. Kuna kina mama waliokuwa wakiliziba kila wiki, wanaimba, wanapiga picha nyuso za wanaoingia. Kliniki ikaenda mahakamani, ikapewa amri: hakuna kuziba geti, hakuna kumgusa wala kumpiga picha mgonjwa, wanaotaka kuandamana wakae ng'ambo ya barabara. Karatasi imebandikwa getini. Nilimwambia Nafula sheria iko upande wako, nenda, usiogope mtu.

Halafu mimi mwenyewe nikaogopa. Jumapili nikamtumia Rispa ujumbe wa sauti nikilia. Nikataja jina, nikataja kliniki, nikataja Jumanne. Nikasema niombee wewe peke yako. Hiyo peke yako niliisema mara mbili.

Akaurusha kwenye grupu la ushirika. Sauti yangu yenyewe! Chini yake akaandika: Tusimame na dada Nafula, Jumanne.

Wiki hii tulikuwa na wageni, sikufungua grupu hata mara moja. Sikujua kwamba mmoja wetu mle ndani, mama yake ndiye anayewaongoza wale wa getini. Jumanne asubuhi walikuwa wameshafika. Geti hawakuliziba, wala picha hawakupiga. Amri ya mahakama wameisoma kuliko sisi. Walipanga mstari ng'ambo ya barabara, pale pale walipoambiwa wakae, wakawasha spika. Wakaita jina la Nafula, wakaita majina ya wanawe. Kisha wakacheza sauti yangu, wakaikata wanapotaka, ikabaki dada mtu analia, anasema naogopa, Nafula, naogopa.

Askari alitazama karatasi, akatazama barabara, akasema hakuna aliyevuka. Nafula alikuwa amefika kwenye duka la pembeni ya geti. Aligeuka, akapanda bodaboda, akarudi nyumbani na mimba yake na presha yake.

Nilimpigia Rispa siku hiyo hiyo, nimejifungia kwenye chumba cha kufulia. Sikupiga kelele.

"Si ulisema unaogopa?" akaniambia. "Nikakutafutia watu wa kusimama na wewe."

"Walisimama, Rispa. Na spika."

Akalia. Akasema nimsamehe kama Mkristo. Nikakata simu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba simwoni kuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Na nikubali jambo, kwa sababu hapa sina wa kumdanganya. Mwaka jana tulimwombea msichana aliyemtoroka kafili wake, yule mwajiri anayeshika karatasi zake, akajificha kwa wenzake mtaa wa Bani Malik. Tulimwombea kwa jina na kwa mtaa. Nilikuwa napiga pasi, nikasema amina kwa nguvu, na ukweli ni kwamba nilifurahia kujua. Kabla wiki haijaisha kila mtu alijua amejificha wapi. Sikuwahi kuuliza yaliyompata.

Juzi wakili wa kliniki aliniomba ule ujumbe kama ulivyorushwa kwenye grupu. Anataka kurudi mahakamani ili amri ifike hadi kwenye spika, na kutaja majina ya wagonjwa, na kusambaza habari zao kwa simu. Rispa ananisihi nisimtaje. Leo asubuhi nimeutuma. Namba za wadada wengine wote nimezifunika, maana wakijulikana huku watapata matatizo wasiyoyastahili. Ya Rispa nimeiacha wazi. Na sauti ni yangu, namna ya kuificha sina.

Baada ya kutuma nikampigia mama. Akasema, kwani hujui? Nafula aliingia kliniki jana. Watu wa kliniki walimfuata nyumbani kwa gari la wafanyakazi, wakampitisha mlango wa nyuma. Imekwisha salama, presha imeshuka, amelala.

Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia kwa furaha. Kisha nikamwandikia, mbona hukuniambia ni jana?

Jibu limekuja sasa hivi.

"Ningekuambia, ungeniombea."

Yuko hai. Leo sitajitetea. Nitampigia kesho nimuulize hali, basi, na akinyamaza nitanyamaza naye.