Hongera Juu ya Fomu ya Kifo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpwa wangu mpendwa, Kishale,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka kumi na mmoja. Nimelitanguliza mbele ya salamu makusudi, ili nikianza kuzungukazunguka na habari za afya ujue kwamba nazunguka tu, na usinihurumie.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Kile kikohozi cha msimu wa baridi kimekuachia? Unakula, au bado unakunywa chai mbele ya kompyuta mpaka jioni na kuiita chakula? Mimi sijambo kwa kadiri ya mtu ambaye moyo wake unafanya kazi nusu siku. Miguu imevimba, pumzi ni za kuhesabu. Daktari hanifichi kitu, nami simuulizi mara mbili. Mkono wa kulia bado mzima, kama unavyoona mwandiko.

Mkaza mjomba wako hajambo. Amekisogeza kitanda changu dirishani na ananifokea nikibakiza supu. Muuguzi anayekuja asubuhi kunipima presha amenikuta leo na kalamu. "Mzee, wosia huo?" akaniuliza. Nikamwambia la, narekebisha video. Akanitazama, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani ameandika kwamba nimeanza kuweweseka.

Ujumbe wako niliupata wiki iliyopita na nimeusoma mpaka nimeukariri. Nimefurahi kusikia darasa lako limejaa, kwamba watu wa maofisi wanakuja kwako kujifunza kurekodi skrini, ili wenzao kazini watazame na kuelewa bila kuuliza mara mbili. Unasema somo la kuzima arifa ungependa lianze na sauti yangu, dakika mbili tu, nisimulie siku ya Bibi Mfano. "Wewe ndiye shahidi wangu, Mjomba. Waambie nilivyowahi kuwa mzembe, wapate moyo."

Nilijaribu, mwanangu. Nilijifunika blanketi kichwani kama ulivyonifundisha, ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Mkaza mjomba wako alizima feni, akasimama mlangoni akinung'unika kwamba nitajifia humo ndani ya blanketi kwa ajili ya kompyuta. Mara tatu nilianza, na mara tatu nilipofika kwenye maneno "mpwa wangu alisahau kuzima arifa" nilisimamisha rekodi. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Kwenye rekodi ningekata. Hapa nikifuta, utaona nilipofuta.

Unakikumbuka kile chumba chetu? Kilikuwa stoo ya mafaili yaliyoliwa na panya, na ofisi nzima ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwa ikitucheka tunavyopigilia mablanketi ukutani. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu niliyepewa cheo cha mafunzo kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka, na makarani walikuwa wakiiogopa kompyuta kama mbwa asiyefungwa. Ukaja wewe, ukasema, "Mjomba, usiwaite darasani. Warekodie. Kila mtu ajifunze mezani kwake, akikwama arudishe nyuma bila kuona haya."

Tukagawana kazi. Wewe mkono, mimi sauti. Wewe uliongoza kishale cha kwenye skrini, mimi nikasoma maelezo niliyoyaandika, nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda na kipaza sauti kimevishwa soksi. Jina la Kishale nilikupa pale, kwa sababu ulikuwa ukikisogeza polepole kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, na ukinikuta najaribu mwenyewe unanipiga mkono: "Mjomba, kishale hakichezi ngoma! Kipeleke, kisimame, ndipo ubonyeze." Na nikisoma "bonyeza hapa" unanikatiza: "Hapa wapi? Taja jina la kitufe."

Yule karani wa dirisha la pili, mwenye miwani mizito kama vizibo vya chupa, ndiye aliyekuwa mtihani wetu. Akielewa yeye, imeelewa dunia. Ile video ya kwanza aliirudisha akasema, "Babu, hiyo inakwenda kama mtu anayefukuzwa." Tukairudia. Ulikuza maandishi yakajaa skrini, ukakata vikohozi vyangu vyote, ukaondoa kwenye skrini zile picha zako za harusi za marafiki. Akatazama, akavua miwani, akasema, "Sasa huyu ananifundisha mimi."

Na Bibi Mfano! Hatukuweza kutumia jina la mtu wa kweli, basi tukambuni mwanamke wa mfano. Nadhani tulimzaa mara arobaini na kumzika mara thelathini na tisa. Nacheka nikiandika, na kifua kinaniuma. Si siku nyingi karani fulani atakaa mbele ya fomu ileile, ajaze jina langu hatua kwa hatua, akinisikiliza mimi mwenyewe nikimwelekeza. Nasikia video zetu bado zinatumika. Sauti ile ya kijana wa miaka sitini na tano!

Sasa siku yenyewe. Wewe unaisimulia hivi, na mama yako anaisimulia hivyohivyo: kwamba ulisahau kuzima arifa, vile vijiujumbe vinavyochomoza pembeni mwa skrini. Kwamba katika video ya kusajili kifo, hatua ya nne, mbele ya wageni wa makao makuu waliojaa ukumbini, Bibi Mfano akiwa anajaziwa sababu ya kifo chake, juu yake kulichomoza ujumbe wa rafiki yako: "Hongera!!! Barua yako ya kazi imetoka, unaanza mwezi ujao. Mjomba ameshajua?"

Sekunde nne. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Karani wa dirisha la pili akasema kwa sauti, "Marehemu amepata kazi!" na wageni wakafuta machozi. Aliyekuwa hacheki ni Mkuu wa ofisi. Kesho yake ulipewa barua ya kuachishwa, iliyoandikwa "uzembe kazini", na kule ulikokuwa umeajiriwa walipoiona barua ile wakajitoa. Walikuwa wakitafuta mtu makini. Mtu makini kuliko wewe sijamwona mpaka leo.

Ukaondoka kwenda mbali, kwenye chumba cha kupanga, kuanza upya na kompyuta yenye ufa. Na mama yako, dada yangu, akikaa hapa na wenzake bado husema, "Mwanangu angekuwa karibu nami kama si uzembe wa siku moja." Mimi huwa nimekaa palepale. Hutazama kikombe changu.

Kishale, asubuhi ile ulizima arifa. Nilikuona ukizizima. Ulipokwenda kula mchana, simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na binti yangu alikuwa ameahidi kutuma kwenye kundi la ukoo picha ya mjukuu wangu wa kwanza, aliyezaliwa alfajiri. Kundi hilo wewe ulikuwa nalo kwenye kompyuta. Nikaketi kwenye kiti chako, nikaziwasha arifa ili nione picha ikiingia. Iliingia. Mtoto mwekundu, amekunja ngumi. Nikafurahi, nikarudi kwenye kigoda changu, nikasahau. Ukarudi, tukarekodi hatua ya nne, mimi nimeinamia karatasi, wewe jicho lako likiwa kwenye kisanduku cha chini. Ilitoka safi kwa mara moja, tukapongezana. Hukuitazama tena kwa sababu haikuwa na kikohozi cha kukata.

Basi tangu leo usiseme tena mbele ya wanafunzi wako kwamba ulisahau. Hukusahau. Waambie kwamba baada ya kuzima, ukiinuka kitini hata kwa chakula, ukirudi angalia tena, kwa sababu wazee wana vidole.

Najua ungeniambia nini. Ungesema, "Ah, Mjomba, picha ya mtoto tu! Ndilo hilo limekunyima usingizi?" Na ungecheka, na mimi ningekuacha ucheke.

Ngoja nikupe salamu za watu kwanza. Mama yako anakupenda kuliko anavyosema. Anakuja kwangu Jumapili na nitamweleza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, hivyo barua hii ikikufikia atakuwa ameshajua na huenda ameshanirushia sahani. Mjukuu wangu yule wa picha sasa anamaliza darasa la tano, ananishinda drafti kila jioni. Yule karani amestaafu, miwani imezidi unene, bado anakuita "mwalimu wangu". Nisalimie mumeo, na umwambie binti yako wa kati kwamba Babu Sauti bado anazo hadithi mbili tatu, azipigie simu mapema.

Mungu akupe macho mazuri na watu wanaokutazamia kazi yako kwa moyo safi. Hilo la pili ndilo ninalokuombea zaidi.

Nakupenda tangu ulipokuwa ukilala kifuani kwangu na kunichafulia shati,
Mjomba wako.

Nimeikunja barua, nimeikunjua. Mkaza mjomba wako ananitazama mlangoni. Nafasi imebaki chini, basi naandika.

Unakumbuka kwamba alasiri ile hukungoja video iishe kuunganishwa. Ulikuwa unampeleka mama yako kliniki. Uliniwekea mkono begani, ukasema, "Mjomba, itazame yote mpaka mwisho kabla ya kuituma kwa Mkuu. Ukiona kasoro nipigie, nitarudi. Kukata ni dakika tano."

Niliitazama yote mpaka mwisho.

Niliuona ujumbe ule. Nilirudisha nyuma mara tatu, maana nilikuwa sijui kama unaondoka. Kila mara niliishia kwenye maneno yale ya mwisho, "Mjomba ameshajua?" Nilikaa pale na soksi ya kipaza sauti mkononi. Nikawaza kwamba Mkuu akijua mapema atakuita, atakubembeleza, atakupa cheo, utabaki. Sikuwaza kwamba ataifungua kwa mara ya kwanza ukumbini, mbele ya wageni. Sikuwaza atakufukuza. Niliwaza tu kile chumba bila wewe.

Kisha simu ikalia. Ulikuwa wewe, kutoka kliniki. "Vipi, Mjomba, iko sawa? Niko tayari kurudi." Nilikuwa bado sijaituma.

Nikakwambia, "Iko safi kabisa, mama. Kaa na mama yako." Nikakata simu, nikakipeleka kishale polepole, kikasimama, nikabonyeza kitufe cha Tuma.