Nimekuwa Nikimtilia Mke Wangu Bangi Kwenye Uji

Mshauri mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada nikiwa mzee wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, na jambo hili sijamweleza mtu yeyote, hata mchungaji. Sisi ni watu wa milimani tuliohamishwa bonde letu lilipofunikwa na maji ya bwawa, sasa ni miaka ishirini na sita tunaishi huku tambarare karibu na Maseru, katika nyumba nzuri ya matofali ambayo mke wangu, M'e (yaani Mama) Malineo, hajawahi kuiita nyumbani. Na tangu tuhame, mgongo na magoti vilianza kumuuma, kisha usingizi ukamtoka, kisha maneno, akawa anakaa tu dirishani, na kliniki wakampa vidonge vya maumivu vilivyomchoma tumbo na vya huzuni vilivyomsaidia kidogo.

Kule kwetu bangi, au matekoane kama tunavyoiita, ilikuwa mmea wa shambani kama mahindi, mama yangu alisaga mbegu zake akazichanganya na mkate wa mtoto anayeachishwa ziwa, na wazee wenye viungo vibovu waliichemsha kwenye maziwa bila kuona haya; lakini mke wangu ni mama wa kanisa, Alhamisi hakosi kuvaa sare yake ya akina mama wa sala, na nilipomtajia tu alisema, "Ntate, nikifa na maumivu nitafika mbinguni, lakini nikifa nimelewa nitamwambia nini Petro?" Basi mwezi wa Mei, baada ya siku tisa asizosema neno, nilinunua majani kwa jirani, nikayachemsha na siagi, nikawa namtilia kijiko kimoja kwenye motoho, uji wetu wa mtama uliochachuka, ambao ukali wake huficha ladha yoyote.

Wiki tatu alilala vizuri, akanitania kwamba nakoroma kama trekta la kanisa, na siku moja nilimsikia akiimba wimbo wa palizi wa kule bondeni niliodhani ameusahau. Nikapata tamaa, nikapima kama mama alivyowapimia wazee, konzi iliyojaa majani kwa kila sufuria, bila kufikiri kwamba bangi ya siku hizi huku si ile ya kwetu, nguvu yake ni nyingine kabisa; na Jumapili moja, saa nzima baada ya uji, alishika ukuta akasema, "Ntate, miguu yangu iko wapi?", akaanguka, akalia kwamba anakufa, moyo ukimwenda mbio, nami nikamshika mkono kwa saa nne nikijua sababu na nisiitaje. Alipotulia alisema Roho amemshukia.

Tangu siku hiyo ameacha vidonge vyote, anasema ameponywa, na Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu atatoa ushuhuda mbele ya akina mama, na rafiki yake M'e Matumelo, mwenye shinikizo la damu, ameshamwambia, "Malineo, kama wewe umepona, na mimi vyangu natupa chooni." Kijiko nimekipunguza lakini sijaacha, kwa sababu nikiacha atarudi dirishani, na nimesoma kwamba ng'ambo kuna madaktari wanaowapa wenye huzuni nzito dawa ya uyoga unaoleta ndoto za macho wazi na baadhi wanapata nafuu, kwa hiyo sikufanya haya kwa ujinga. Nikisema ukweli namnyang'anya muujiza wake, na pengine navunja ndoa ya miaka arobaini na minane. Nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Ntate Tšeliso (majina yamebadilishwa)

M'E PUSELETSO ANAJIBU:

Ntate, nakuheshimu, kwa hiyo sitazunguka. Umempa mtu mzima dawa bila ridhaa yake, naye alikuwa ameshakuambia hapana. Upendo haubadilishi hilo. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini, na waume wenye upendo kama wako nimewaona wengi wodini, kofia mkononi, wakisema hawakukusudia.

Kuhusu mmea wenyewe sikubishii sana. Wapo wanaopata nafuu ya maumivu. Kwa huzuni ushahidi ni dhaifu, na wengine inawazidishia. Ikiliwa huchelewa kupanda kichwani, kisha hukaa mwilini saa nyingi, na kwa mama wa umri wake kuanguka mara moja tu kunatosha kuvunja nyonga. Na hao madaktari wa uyoga, rudia kusoma ukurasa ule: mgonjwa hukubali kwanza, moyo wake na dawa zake huchunguzwa, na mtu hukaa naye mpaka mwisho. Wewe ulikaa naye mpaka mwisho. Hilo tu ndilo ulilofanya sawasawa.

Sasa, kuacha vidonge vya huzuni ghafla ni hatari. Huzuni inaweza kurudi ikiwa nzito zaidi. Lakini usimpeleke kliniki kwa uongo mwingine. Mwambie kwanza, leo, ninyi wawili tu. Usianze na mama yako wala mbegu zake. Sema, "Nimekuwa nikikutilia bangi kwenye uji tangu Mei. Siku ile ulipoanguka, ni mimi." Kisha nyamaza umsikilize, hata akikutukana.

Kesho nendeni kliniki mkaseme yote. Sheria yetu imeruhusu makampuni yenye leseni kulima bangi, haijaruhusu sufuria yako, lakini muuguzi si polisi. Akitaka kuendelea kuitumia akijua anachokula, hayo ni yake na wanaomtibu.

Unaogopa kumnyang'anya muujiza. Mimi namwogopea M'e Matumelo, anayetaka kutupa vidonge halisi kwa ajili ya muujiza uliopikwa jikoni kwako. Malineo akishajua, atamwambia mwenyewe. Namjua mama wa kanisa, hatakubali damu ya mwenzake iwe mikononi mwake. Asipomwambia kabla ya Alhamisi ya ushuhuda, mwambie wewe.

Na kitu kimoja zaidi: wimbo ule haukutoka kwenye siagi. Miaka ishirini na sita mmezungumzia magoti. Muulize kuhusu bonde.

Siagi iliyobaki imwage leo hii, kisha toka jikoni. Akitaka uji wako tena, ataomba.