Chumba Alichokijenga Zeferino Juu ya Tangi

14 Barabara ya Crowell,
Tannet Neck,
Massachusetts.
16 Novemba, 1996

Mpendwa mdogo wangu Bernardino,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Je, hujambo? Goti linaendeleaje, na huyo daktari wako wa Sacramento bado anakukataza chumvi? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Nitakueleza.

Kwanza habari nyepesi. Jumapili iliyopita parokia ilifanya karamu ya mavuno. Nilipika sufuria mbili za jagasida, kwa maharage na wali kama alivyotufundisha mama. Walikula mpaka ukoko, wakanisifu, kisha kila mtu akaenda zake na watu wake. Nilirudi nyumbani na sufuria tupu mbili.

Sasa lililonisumbua. Bodi ya Afya ya mji imetoa sheria mpya kuhusu matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Tangi lililozikwa ardhini likipita miaka ishirini, na karibu yake pana kisima cha maji ya kunywa, lazima ling'olewe. Kuliandikisha kuna ada, kibali cha kuling'oa kina ada, na ukitaka kuhurumiwa nako kuna ada. Huruma ya bure imebaki kwa Mungu peke yake. Ukishaandikisha wanakupa kibati chenye namba ukining'inize kwenye bomba la kujazia. Huna kibati, lori la mafuta linakupita kama halikujui.

Unajua letu lilipo. Shemeji yako Zeferino, Mungu amrehemu, alilizika mwenyewe upande wa mashariki mwaka 1969. Miaka saba baadaye, mkaidi yule, akajenga chumba cha vioo juu yake, akaliacha bomba tu likichungulia nje. Nilipomuuliza tutalitoaje siku likiharibika, alisema, "Olimpia, hilo tangi litatuzika sisi." Ndicho chumba ulicholala ulipokuja mazishini, na ndimo alimokata roho. Tangu afe, miaka mitatu sasa, kila asubuhi nilikuwa naketi mle nikimsimulia habari za jana. Usinicheke. Najua hajibu; hata alipokuwa hai hakuwa msemaji.

Kwa hiyo kung'oa tangi kulimaanisha kukibomoa chumba. Nikaiomba Bodi iniachie mpaka nife. Sheria inataka mwombaji awaandikie majirani wote barua ya rejista. Basi nikaenda hadi posta kumtumia barua Orrin Doane, mtu ambaye dirisha la jiko lake naliona nikiosha vyombo! Tangu mazishi tulikuwa tunapungiana mikono tu, na neno langu la kwanza kwake likawa lile la kisheria.

Kwenye kikao walikaa watano mezani. Nikawaambia, "Jamani, mimi na tangi langu tumezeeka pamoja. Subirini kidogo tu, muone nani atatangulia."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti, mwanamke mpole, akasubiri wanyamaze, akauliza, "Na likitangulia tangi, Bi. Barros?"

Akamgeukia Orrin kumuuliza kama ana pingamizi, maana kisima chao kiko hatua thelathini tu kutoka kwangu, na tangu kiangazi binti yake anaishi kwake na kichanga cha miezi minne. Orrin akasimama, kofia mkononi.

"Mimi sina neno," alisema. "Mwacheni mama wa watu na chumba chake. Sisi tutanunua maji ya chupa."

Bernardino, angenipinga ningepigana naye mpaka Boston. Lakini alipokubali nilimwona binti yake kule nyuma, mtoto begani, ananiangalia tu. Nikasimama. Nikasema, "Basi. Chimbeni."

Wachimbaji walikuja Jumanne. Chumba ambacho Zeferino alikihangaikia viangazi viwili kilikuwa chini kabla ya saa sita. Wakalivuta tangi kwa minyororo. Mkaguzi wa Bodi akaligonga huku na huku, akaingia shimoni, akachota udongo, akaunusa.

"Zima," akasema. "Halijavuja hata tone."

Orrin alikuwa amesimama uani kwake. Alikuja taratibu, uso umemwiva. "Nisamehe, Bi. Barros. Kumbe ungekaa nalo miaka mingine mingi."

Nikamwambia, "Hilo hakuna ambaye angelijua bila kuchimba. Nenda ukamkorogee mtoto maziwa yake." Nikaingia ndani nikalia mpaka usingizi ukanichukua kitini. Sijuti, mdogo wangu, lakini inauma, tena sana.

Tangi jipya wameliweka kwenye chumba cha chini ya nyumba, wazi, kila mtu analiona, na kibati chake kinang'aa kwenye bomba. Joto lipo la kutosha.

Nisalimie sana wifi yangu Ivone, na Graça, na Manuel aliyeota ndevu bila ruhusa ya shangazi yake. Mungu awalinde, na mlango wenu usikose mtu wa kubisha hodi.

Jambo moja bado. Mlango wa kile chumba wameupigilia misumari, maana nje yake ni shimo. Leo asubuhi nilitia kahawa, nikaenda kama kawaida, nikashika kitasa, nikabaki nimesimama pale mpaka kahawa ikapoa. Ndipo nikarudi jikoni nikatafuta karatasi hii. Habari zangu za jana sina tena wa kumsimulia ila wewe, na wewe unaweza kujibu. Tafadhali usikawie.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Olimpia