Baba, Darasa Zima Linakunja Vidole Viwili

Mpendwa Baba,

Hitma ya arubaini imeshasomwa, majamvi yamerudishwa msikitini, na jamaa zetu wa Wambaa wameshakwenda zao. Nimekaa nyuma ya cherehani yangu hapa Jadida, na kwa mara ya kwanza tangu ututoke nina nafasi ya kukueleza yaliyotokea Gombani. Barua nimeiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu wapo wazazi wengine hapa Wete wenye watoto kama Salha wetu, na nadhani wangependa kukujua. Kwa ajili yao naanza mbali kidogo. Wewe nivumilie.

Salha, mwanangu na mjukuu wako wa kwanza, alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka miwili na nusu. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Umri wa skuli ulipofika, skuli ya mtaani ilimpokea, lakini darasa lilikuwa limejaa na mwalimu hakujua la kufanya naye. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa pili aliniita akaniambia, "Bi Raya, mtoto anakaa tu. Anawatazama wenzake midomo." Nikamrudisha nyumbani. Alikaa hivyo mpaka miaka tisa, bila neno hata moja, si la mdomo wala la mkono. Akitaka kitu alivuta. Akikosa aliuma. Baba yake alikuwa kazini Unguja, akija mara moja moja, na kila akija aliukuta mkono wangu una alama mpya ya meno.

Ndipo Sista Imelda alipoleta vitambaa vya sare za ile skuli ndogo ya masista, isiyovuka kidato cha pili. Unamkumbuka alivyoingia siku ile, mwanamke mfupi wa bara, jasho linamtiririka chini ya kitambaa chake cha kichwa. Alimwona Salha chini ya meza ya kukatia, akapiga magoti sakafuni, akaanza kusema naye kwa mikono. Salha hakuelewa kitu, lakini aliganda. Nilikuwa sijapata kumwona anatazama mtu namna ile.

"Mlete," Sista aliniambia. "Lakini nina sharti moja. Aje na mtu wa nyumbani, akae naye darasani, ajifunze naye. Nikimfundisha peke yake nitampa lugha asiyo na mtu wa kuisema naye."

Nikasema nina kazi nyingi. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa karakana yako, randa mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Ntakaa mie," ulisema.

"Mzee, ni mwaka mzima. Pengine miwili."

"Sina safari."

Acha nikiri hapa, mbele ya watu, jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai. Kazi haikuwa nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimechoka kutazamwa na watu njiani kwa ajili ya mtoto wangu, na nilidhani nikikaa naye darasani, nikipunga mikono hewani, watu watatuona mabubu wawili badala ya mmoja.

Wewe hukuona haya. Barazani walisema, "Mzee Haji uzeeni ndo anakwenda kusomea kwa masista." Ulikwenda kwa Shehe wa msikiti wetu, ukamweleza yote, pamoja na msalaba ulio ukutani darasani. Ulirudi ukaniambia alivyokujibu: "Mtoto anatafuta elimu na weye unamshika mkono. Mimi nikuzuie kwa lipi? Sala usiache." Na hukuacha. Sista alipojua kwamba unatoka kukimbilia adhuhuri na kurudi unatweta, aliisogeza saa ya somo la lugha ya alama ikaanza baada ya sala. Mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele yenu hata siku moja. Uliniambia hilo mara tatu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

Nilikuwa nawashonea sare wale watoto, kwa hiyo siku moja nilipeleka mzigo nikachungulia dirishani. Nilikukuta kwenye benchi la nyuma, magoti yamekufika kifuani, kofia imenyooka, umezungukwa na watoto wa umri wa miaka minane na tisa. Sista alikuwa anafundisha siku za wiki. Ulikosea Jumatano. Mtoto mmoja wa kike, Zuwena, anayesikia vizuri kabisa, alikushika mkono akakurekebisha kidole kwa kidole, nawe ukamwachia mkono wako kama unavyoachia mkono kwa daktari. Seremala mkubwa wa Wete, aliyechonga milango ya nusu ya mji huu. Niliondoka bila kuingia.

Neno la kwanza mlilolileta nyumbani lilikuwa "bado". Nilikuwa napika wali, Salha akaja kuvuta sufuria kama kawaida yake, nami nikajiandaa kuumwa. Ulimgusa bega, akageuka, ukamwonyesha kwa mkono: bado. Akakutazama. Akanitazama mimi, akatazama sufuria, akaenda kukaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nilisimama na mwiko mkononi nikimtazama mwanangu akingoja. Miaka tisa, Baba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu kinakuja. Alikuwa anadhani kila asichopewa sasa hivi hatakipata tena.

Hajaniuma tangu siku ile.

Baada ya hapo mkawa na maneno yenu. Mlikuwa mnakwenda skuli mnasema na mnarudi mnasema, na mimi nipo katikati ya nyumba yangu kama mgeni. Siku moja ya mchuzi wa pweza alisema kitu kwa mikono, nawe ukacheka mpaka ukapaliwa. Nikakuuliza, "Anasemaje?"

"Anakusema weye. Anasema unatia chumvi nyingi."

"Nawe umemjibuje?"

"Nimemwambia hata marehemu mama yako alilalamika."

Nilikasirika kweli, nadhani ulijua. Uliendelea kula kidogo, halafu ukasema bila kuninyanyulia macho, "Ukitaka kumjibu mwenyewe, benchi lina nafasi."

Jumatatu nilifunga cherehani, nikaja. Nilichokiona mle ndani bado kinanishangaza mpaka leo. Nilidhani nitamkuta Salha peke yake pembeni na Sista wake. Kumbe darasa zima lilikuwa linasema kwa mikono. Watoto wanaosikia walikuwa wamejifunza kwa kukaa karibu nanyi. Baada yangu wakaja wengine: mama mchoma mikate ya mofa kutoka jirani na mwanawe asiyesikia, halafu baba mmoja mkulima wa karafuu aliyekuwa anatembea na kijana wake kutoka shamba kila asubuhi. Sista hakuwahi kuitisha mkutano wa wazazi. Aliongeza mabenchi tu, na mabenchi yale uliyachonga wewe.

Sasa nifike kwenye kengele.

Wenzangu wanaosoma hili wajue kwamba watoto wasiosikia hujua kengele imelia pale wanapoona wenzao wameinuka. Salha alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, na siku moja alimwambia mwalimu wa sayansi kwamba amechoka kuwa wa mwisho kujua. Mwalimu akasema, haya, tufanyeni. Wakatengeneza taa nyekundu zinazowaka na kuzima katika kila darasa, anapobonyeza mtu kitufe cha ofisini. Watoto waliunga nyaya. Wewe ukachonga masanduku ya taa kwa mbao za mfenesi, Salha akishika patasi upande wa pili. Skuli ikaamua kazi hiyo ipelekwe kwenye maonyesho ya skuli za Pemba, Gombani, na Salha ndiye atakayeeleza.

Sanduku la mwisho ulilipiga msasa Jumatano. Jumamosi moyo wako ukasimama.

Hukuona yaliyofuata. Sista alikuja msibani, akakaa na wanawake juu ya jamvi tangu asubuhi mpaka watu walipotawanyika. Lakini Salha, mikono yake ilinyamaza. Wiki tatu, Baba. Nilimuuliza kama ana njaa, akageuka upande. Nilimuuliza kama anaumwa, akaificha mikono chini ya khanga yangu aliyokuwa anajifunika. Niliogopa kuliko nilivyoogopa homa ilipompata. Nilijua namna ilivyo nyumba isiyo na neno, na sikuwa na nguvu ya kurudi humo. Sista akaniambia tusimlazimishe, mwenzake ataeleza badala yake.

Siku moja kabla ya maonyesho Zuwena alikuja na sanduku la taa mkononi. Bawaba ilikuwa imelegea, mlango hauingii. Hakumwomba kitu Salha. Alikaa barazani akahangaika nayo kwa kisu cha mezani, vibaya sana, mpaka Salha akashindwa kutazama. Akaingia karakanani kwako, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu ulipoondoka, akatoka na bisibisi yako. Akaifungua bawaba, akaichonga mbao kidogo, akaifunga upya. Mlango ukaingia bila sauti. Akaweka bisibisi chini, akasema kwa mikono, taratibu, kama mtu aliyetoka kuugua: "Kesho mie ndo ntaeleza."

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo watu wa elimu, skuli za Wete na Chake na Mkoani, wazazi wamesimama mpaka milangoni. Mkalimani alikuwa msichana kutoka Unguja, hodari kweli. Salha akisema, yeye anatoa sauti, huwezi kujua kwamba ni watu wawili. Wakaenda hivyo vizuri mpaka Salha alipofika kwenye neno "mwanga". Mkono unafumbwa halafu unafunguka juu, vidole vinatawanyika. Mkalimani akanyamaza. Salha akarudia. Mkalimani akasema kwa waamuzi, "Samahani, alama hii siijui. Mwanga naujua wa vidole vitano. Huu wa vitatu sijauona."

Nilidhani mwanangu amekosea mbele ya watu wote. Salha aliutazama mkono wake, akamtazama mkalimani, hakuelewa anaulizwa nini.

Zuwena akasema kwa mdomo, "Ni mwanga. Kwetu ndo hivo." Akanyanyua mkono wake akaonyesha. Wenzao wanne waliokuwa nyuma ya meza nao wakanyanyua mikono kumsaidia. Wote, Baba, wanaosikia na wasiosikia, walikuwa wamekunja kidole cha mwisho na kile cha pete.

Mkono wako wa kulia. Vidole viwili ulivyovipoteza kwa msumeno kabla mimi sijazaliwa, hata tulikuwa tumesahau kwamba havipo. Walijifunza kwako, kwenye benchi la nyuma, wakadhani ndivyo neno lilivyo.

Sista Imelda alisimama akawaeleza. Hakueleza mengi: kwamba mzee mmoja alikaa nao miaka mitano, na kwamba alikuwa na vidole vitatu. Yule msichana wa Unguja alifuta macho, akamgeukia Salha, akaomba aendelee. Na kila lilipokuja neno lile, naye akilirudia kwa mkono kuhakikisha, alikunja vidole viwili. Alifanya hivyo mpaka mwisho.

Tulipata nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa watoto wa Mkoani waliotengeneza kaushio la karafuu, na walistahili, mvua ikinyesha halilowi. Salha alinuna kidogo njiani. Nilimuuliza Sista garini kama alikuwa anajua habari ya vidole. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Mara mbili nilisimama ili niwarekebishe. Mara zote mbili nilikaa."

Taa zinawaka skulini sasa. Matokeo ya kidato cha pili yametoka na Salha amefaulu, ataendelea Chake. Mimi naenda kila Jumamosi kuwafundisha wazazi wapya. Nakosea sana, nao wananicheka. Ile haya yangu sijui ilikwenda wapi, sikuiona ikitoka.

Jana alasiri, tukichambua mchele, Salha aliniuliza jambo nililokuwa naliogopa. Aliniuliza sauti yako ilikuwaje. Ningemwambia ilikuwa nzito? Kwake nzito ni mawe. Nikaanza kubabaika, mikono inagongana, mpaka akanishika ili nitulie.

Akasema yeye anaijua. Kila baada ya sala ya alfajiri, mimi nikiwa bado jikoni nawasha moto, ulipokuwa umekaa kwenye mkeka wako unasoma Yasini, yeye alikuwa anakuja kukaa ubavuni kwako na kukuwekea kiganja kifuani. Wewe hukumwondoa, wala hukuacha kusoma. Alitaka tu kujua kama na mimi ninayoijua ni hiyohiyo. Akaunyoosha mkono wake, akauweka juu ya kifua changu, akaanza kunigongea taratibu kwa vidole namna ulivyokuwa unavuta pumzi, unavyoteremka, unavyosimama mwisho wa aya.

Ilikuwa ni wewe, Baba. Ilikuwa ni wewe kabisa.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Sisi tupo, na tunasemezana.

Mwanao,
mama yake Salha