Nimeukata mtumbwi wa marehemu kuwa hori, na ng'ombe hawali

Bi Tabia mpendwa, shikamoo, nakuomba unishike mkono maana mimi Mwanamkasi wa Fumba nimefika mahali sijui pa kugeukia. Mume wangu Mabrouk alifariki mwaka jana akatuachia mimi, watoto na mama yake Bi Mize ng'ombe na mtumbwi wake wa kuvulia, na maziwa tunayopeleka kuuza mjini Ng'ambo ndiyo yanayotulisha sote, lakini kiangazi hiki majani ni ya kuyatafuta mbali, na nikiwamwagia ng'ombe chini wanayakanyaga, wanayakojolea, kisha hawayagusi tena, nami narudi maweni na mundu wangu kukata mengine huku wao wanazidi kukonda. Kaka yangu Mjaka akasema nitengeneze hori la mbao la kuwalishia, mbao sina, mama mkwe akasema tufunge kichanja cha fito, nikaona mchwa watakimaliza, basi kwa akili yangu nikamwita fundi akaukata mtumbwi wa marehemu vipande viwili, kila kipande hori lake, bila ya kumwambia mtu, nikidhani Bi Mize atafurahi akiona ng'ombe wa mwanawe wanashiba.

Alipotoka akauona alikaa chini palepale, akaniambia, "Mwanangu nshamzika mara moja, leo umenizikisha tena." Tangu hapo hatii mkono katika sinia letu, anapika chake peke yake. Na ng'ombe, Bi Tabia, hawali, wanasogea, wananusa, wanarudi nyuma, maziwa yamekatika na ndama mmoja amekufa. Majirani wanasema marehemu amekasirika, nami nimeanza kuamini. Natamani ningetangulia mimi.

JIBU

Mwanamkasi, marahaba, na pole kwa yote. Lakini usiandike tena kwamba ungetangulia wewe, kwani watoto hao ungemwachia nani?

Marehemu mwache apumzike, hana ugomvi na hori. Mtumbwi hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, mwaka hata mwaka mpaka mti wenyewe ukayanywa. Nyinyi wa Fumba mmezaliwa na harufu hiyo, hamuisikii tena. Ng'ombe anaisikia, na hata ukiusugua kwa majivu haitoki. Viondoe vipande hivyo leo.

Sasa nikuseme. Mtumbwi ule ni mirathi. Mama ana fungu lake, watoto wana lao, na wewe umeupiga msumeno kama uliyeununua dukani. Na kichanja ulichokidharau ndicho kilichofaa. Tafuta fito za mikoko, mchwa hawazipendi. Kiinue kifikie kifua cha ng'ombe, nafasi baina ya fito ipitishe mdomo isipitishe pembe, na juu yake uezeke makuti. Ng'ombe mwenye ubabe mfunge mbali ili wanyonge nao wapate.

Kwa Bi Mize nenda na mtu mzima wa ukoo wao, umuombe radhi kwa maneno machache, kisha umuombe akuonyeshe namna ya kukifunga kichanja. Sitakudanganya, huenda asikujibu, na huenda asikusamehe kamwe. Wewe ulimpata Mabrouk akiwa mwanamume mzima. Yeye alikuwa naye kabla hajajua kusema.

Akinyamaza, kaa hapo uani ufunge peke yako, naye akikutazama. Ng'ombe hao ni riziki ya wajukuu zake, na watoto hawawezi kukaa na njaa mpaka nyinyi wawili mmalize kulia.